Kipya Kinyemi

Vendelín ameileta ndani ya boksi lake,
nailoni bado imeng'ang'ania ukingoni
kama lebo kwenye nguo ya sikukuu.
Kadi ya picha, siku tisa tangu itoke,
miezi minane ya kukanda unga usiku kule Poruba.

"Inazima," akasema. "Skrini inakuwa nyeusi,
feni zinapiga kelele kama zimeona kitu."
Lini?
"Mara dakika ya kumi na moja, mara siku ya pili."
Ukicheza?
"Nikicheza. Na nikiacha kucheza."
Ya nne hii, wiki hii, mezani kwangu.

Nikaanza pale ambapo wengi hupadharau: kwenye plagi.
Pini kumi na mbili chini ya taa,
hakuna iliyoungua, hakuna iliyoinama.
Nikaisukuma mpaka ikasema tak.
Nikabadili waya, nikasubiri.
Nikabadili pawasaplai, nikasubiri.
Kimoja kimoja, maana ukibadili viwili
na ugonjwa ukapona, hujui umshukuru nani.
Nikaing'oa programu endeshi na mizizi yake,
nikaweka toleo la kwanza, kisha la pili, kisha la jana,
ambalo maelezo yake yalisema tu: "maboresho".

Usiku nikaitwisha mzigo wote,
wati mia tatu na arobaini,
tangu saa mbili mpaka saa kumi na moja alfajiri.
Theluji ya Ostrava ikianguka nje, tayari ya kijivu.
Joto nyuzi sabini na mbili, halipandi, halishuki.
Nikamaliza kahawa tatu, yenyewe haikutetereka.
Nikasema, basi, huyu mzima, kijana ndiye mwenye wasiwasi.
Nikabonyeza kusitisha.

Skrini ikafa.

Nilikaa, mkono juu ya kipanya.
Si kubeba.
Ni kutua.

Baba yangu, Květoslav,
aliteremka mgodini miaka thelathini na mmoja
na hakukosa zamu hata ya homa.
Wiki ya kwanza ya pensheni,
amesimama jikoni na kikombe cha chai,
mama anamuuliza kama aongeze sukari,
akaanguka.
Madaktari walipekua mapafu, wakapekua moyo,
wakatafuta palipochakaa.
Hakuna aliyeuliza habari za lile jikoni,
kimya chake, saa nne asubuhi.

Basi nikaacha kuipima kwa nguvu.
Nikaipa kazi sekunde mbili, pumziko sekunde moja,
kazi, pumziko, kazi, pumziko.
Dakika ya nne, giza.
Nikarudia. Dakika ya sita, giza.
Na kwenye mstari wa volti nikaliona bonde dogo,
jembamba kama unywele:
kadi inaruka kutoka usingizini hadi mwendo wake wa juu
kabla umeme haujafika,
kama mtu gizani anayekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Nikaupunguza mwendo, megahezi sitini tu.
Saa sita nzima, panda shuka, panda shuka.
Hai.

Asubuhi amekuja, unga kwenye pindo la mkono,
macho mekundu. Nikamweleza.
"Kwa hiyo nimelipia sitini nisizozipata."
Ndiyo.
"Na nikiirudisha?"
Wiki sita. Labda wakupe dada yake, tumbo lile lile.
Ningeweza kumwambia kipya kinyemi,
lakini kidonda chenyewe kilikuwa mezani baina yetu
kinang'aa taa zake za zambarau.

Akaomba akae kidogo, basi lake bado.
Nikampa kiti na chai.
Nilipogeuka kuandika risiti
alikuwa amelala, kikombe mkononi,
usiku wote wa mikate ukimtoka kwa mpigo mmoja.

Nikasogea.
Nikakishika kikombe kwa chini,
nikamfungua vidole
kimoja,
kisha nikasubiri,
kisha kingine.